Sitini na Nne

Karviná, Januari, saa nane na dakika arobaini usiku.
King'ora kilipolia nilikuwa nakoroga kahawa kwa kalamu.
Methani, kiwambo kilisema, asilimia nne nukta moja,
kihisi namba hamsini na tatu.

Hatuna kihisi namba hamsini na tatu.

Kilikuwako. Kilining'inia katika ujia wa mashariki
mpaka ujia ule ulipozibwa kwa zege, mwaka juzi,
na vihisi vyake ishirini na vinne vikapandishwa juu kwa ndoo,
vikihesabiwa kama viazi.

Lakini sheria ni sheria: king'ora kikilia, watu wanapanda.
Lifti ikawatapika wanane wanane kwenye theluji,
nyuso nyeusi, pumzi nyeupe,
na Květoslav Hruška akaja moja kwa moja hadi mlangoni pangu
akanitukania mama kwa sauti ya chini,
kama mtu anayesali.

Nilimwacha asali. Nikafungua programu ya mzee Kubiena,
Paskali ya zamani, safi kama shuka la hospitali.
Pale penye mabano, kitendakazi kinapopokea mgeni wake,
alipokea kielekezi. Kielekezi tu.
Anwani ya chumba cha kwanza, basi.
"Kwao ni pale," na aliyekuelekeza kashageuka njia.
Wamo wangapi? Kielekezi hakijui, hakikuulizwa.
Kitendakazi kinapiga hodi mlango kwa mlango
hadi sitini na nne, maana sitini na nne
ilikaa kichwani mwa Kubiena,
na Kubiena sasa yuko Opava, anafuga nyuki.

Baada ya mlango wa arobaini si kwetu tena.
Kumbukumbu haina chumba kitupu:
mna saa ya mtu mwingine, kipande cha jina,
salio la hesabu iliyokwisha kulipwa.
Kitendakazi hakishangai. Kimebisha, kimeitikiwa,
na kila kinachoitikia, kwake ni methani.

Nikampigia simu mzee, nikamwamsha.
"Hii idadi uliiandika wapi?"
Kimya. Kisha: "Nilivifunga mwenyewe, binti, kimoja kimoja.
Wewe unaandika mahali idadi ya vidole vyako?"

Nikabadilisha mstari mmoja.
Sasa mlangoni inaingia safu nyumbufu.
Msidhani ni mzigo mzito zaidi; nayo ni anwani,
uzito ule ule,
ila nyuma kidogo ya chumba cha kwanza
imefutika urefu wake, kama noti kiunoni.
Ukiiuliza, inajibu: arobaini.
Tukiziba ujia mwingine, itajibu ishirini na nane.
Iko siku itajibu sifuri,
na kitendakazi kitarudi bila kugusa mlango hata mmoja.
Siku hiyo sijui nitakuwa nafanya kazi gani.

Wakati huo wote, kwenye dirisha la lifti,
Otýlie alikuwa akirudisha vibati vya shaba.
Kila anayeshuka humwachia chake; akipanda, hukidai.
Hana kompyuta. Ana ubao, ndoano, na miwani iliyofungwa kwa uzi.
Mia na kumi na mmoja walishuka.
Ndoano moja ikabaki na kibati.

Hakusema, "Wako kule chini, ujia wa tatu."
Alisema, "Bado mmoja,"
na uwanja mzima ukanyamaza, hata injini ya lifti nadhani,
na msimamizi akaanza kuvaa tena kofia yake.

Namba kumi na saba.
Otýlie akaisoma mara mbili, kwa sauti.

Mlangoni pangu Hruška akakatiza tusi katikati,
akajipapasa mfuko wa kushoto, wa kulia,
akatazama theluji kama mtu aliyeitwa kutoka mbali,
akaenda kukichukua.